Filimbi Ndani ya Ukungu

Mlima uliachia kipande chake bila hodi. Udongo, mawe na miti vilishuka kwa kishindo, njia waliyopandia ikakatika kama uzi. Fundi cherehani aliwahi kudaka mizizi. Wifi yake, mke wa kaka yake, hakuwahi. Aliserereka hadi korongoni, akakomea kando ya jabali, mguu umepinda vibaya.

Fundi alimfuata akiteleza kwa makalio, mvua ikimchapa usoni.

"Niinue," wifi alisema. "Tufuate mto, utatufikisha chini."

"Mto unajua kuruka maporomoko. Wewe unajua?"

Alipanga fimbo zao za kutembelea pande mbili za mguu, akachana shuka, akafunga.

"Vidole vina hisia?"

"Vinatukana."

Alimvua nguo zilizolowa, akamvisha sweta kavu lililokuwa ndani ya mfuko wa nailoni, akamfunika kwa turubai.

"Nilimwambia mumeo njia tunayopita na saa ya kurudi."

"Huyo? Husahau hata tonge liko mdomoni."

"Ya kwako hasahau."

Baridi ilikuwa inamwingia wifi, meno yaligongana. Fundi alimkumbatia, akawa anapuliza filimbi aliyoivaa shingoni mara tatu, anatega sikio, anapuliza tena. Ukungu ulimeza kila mlio. Midomo ilimpasuka, akaonja damu, hakuacha.

Mchana ukielekea kuisha, sauti ikajibu kutoka juu. Ilikuwa ya kaka yake, imekauka kwa kuita. Alikuja na waokoaji, nao walikuwa wanajiandaa kukatiza kwenye udongo ulioporomoka. Ukungu ulipoachana kidogo, fundi aliuona kutoka chini umepasuka, unaning'inia.

"Msikanyage hapo! Zungukeni kwenye mwamba, kushoto kwenu!"

Walisimama. Jiwe moja likadondoka, kisha ukingo wote ukalifuata.

Walizunguka mwambani, wakashuka kwa kamba na machela. Kaka alipiga magoti, akashika uso wa mkewe. Kiongozi wa waokoaji aliutazama ule mguu uliofungwa, kisha akamtazama fundi.

"Dada, umelisoma hili korongo kuliko sisi. Tangulia."

Akatangulia, akijaribu kila jiwe kwa kisigino kabla ya kuwaita.

Walipofika barabarani, wifi alipiga kigelegele kutoka kwenye machela. Maumivu yakakikata katikati. Akavuta pumzi, akakianza upya, akakifikisha mwisho.