Kome Waliofua Maji

Wanakijiji wenzangu, tegeni sikio. Nje kidogo ya Laela kuna bwawa ambalo juzijuzi tu lilikuwa angavu kama kioo. Gaudiosa akiinama kuchota, aliwaona kome, wale viumbe wa magamba mawili, chini kwenye tope, midomo wazi kidogo, kama watu wanaosali kimya kimya. Mwanawe Edwin aliyanywa maji yale kwa kiganja, na hakuna aliyemkataza.

Amani hiyo ilivunjwa na tamaa. Leonidas, mumewe Gaudiosa, alikata matete yote ya ukingoni, akalima kabichi hadi kwenye maji, akamwaga mbolea ya chumvichumvi bila kipimo. Kisha akawazoa kome kwa magunia, akawatwanga na magamba yao wawe chakula cha kuku.

"Baba Edwin, unawamaliza," Gaudiosa alimwambia.

"Hayo ni mawe yenye ulimi, mama. Ulishaona jiwe likalalamika?"

Mvua zikaja, zikasomba mbolea hadi bwawani. Jamani, kijani kilichoota pale hakisimuliki. Maji yakawa mazito kama mlenda, yakanuka. Edwin akayanywa kama kawaida, akatapika hadi wakamkimbiza zahanati, akapona kwa tabu. Nyumbani, kuku walioendelea kulishwa kome wa maji hayo wakapinda shingo na kuanguka, mmoja baada ya mwingine.

"Tumelogwa," Leonidas alisema. "Kuna mtu anazionea wivu kabichi zangu."

Gaudiosa alikuwa mtu wa kutazama. Aliwachukua kome wachache waliobaki hai, akawatia kwenye beseni la maji yaleyale ya kijani, akaenda kuinjika maharage. Yalipoiva alirudi, akainamia beseni. Ua lililochorwa ndani, kwenye kitako chake, lilionekana, jani kwa jani.

Akamwita mumewe. Leonidas akachuchumaa, akatazama, akatazama tena.

"Kijani kimeenda wapi?"

"Wamekila. Ndiyo kazi waliyokuwa wakitufanyia, sisi tumelala."

Leonidas akampasua mmoja. Tumbo lote lilikuwa la kijani.

"Sumu yake wamebaki nayo tumboni," Gaudiosa alisema polepole. "Ndiyo uliyowapa kuku."

Mume akasema, "Kumbe mchawi mwenyewe anashika jembe langu."

Kesho yake aliwarudisha kome bwawani. Siku chache baadaye wakaelea wamefunguka, wamekufa, maana kijani kilichooza kilikuwa kimemaliza hewa majini. Oneni maajabu haya: kikiwa kidogo ni chakula chao, kikizidi ni kaburi lao. Leonidas aling'oa kabichi zake zikiwa zimeanza kufunga, akapanda matete yazuie mbolea isiingie majini. Bwawa bado ni la kijani. Gaudiosa anapanda mlima na ndoo kichwani kufuata maji kisimani.

FUNZO

Ndugu zangu, tusilime hadi mdomoni mwa maji, na tusimdharau kiumbe kwa kuwa hana sauti. Kome ana tumbo dogo. Likishajaa, kinachobaki tutakinywa sisi na watoto wetu.