Fungu la Msomaji

Kila jioni Vismaya alipotoka shule, alivua viatu vyenye matope kwenye ngazi za nyuma, akanywa chai ya rangi kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha, kisha akashika njia ya mipopoo mpaka maktaba ya kijiji. Wenzake wa darasa la saba walikwenda kwenye masomo ya ziada. Yeye alikwenda kuangalia kama seva ingali hai.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na benki ya ushirika. Ilikaa kwenye rafu ya chini, chini ya magazeti yaliyofungwa kamba, ikivuma kama mzinga wa nyuki. Ndani yake mlikuwa na Kolaya. Watu wa Kannur, wilaya yenye kijiji hicho, huita kolaya baraza ya mbele ya nyumba, pale wanapokaa kupiga soga, na hii ya kwenye kompyuta ilikuwa vivyo hivyo: mtu anaandika maneno machache, anaweka picha, jirani anamjibu. Haikuwa mali ya tajiri yeyote. Iliendeshwa kwa programu huria, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua aone ilivyoundwa, kuirekebisha na kuiweka kwenye mashine yake mwenyewe. Seva za namna hiyo ziko nyingi duniani, kila moja na wenyewe, nazo husemezana. Mtu wa Kolaya akifuatwa na mtu wa seva ya mji mwingine, maneno yake hufika huko na kubaki huko pia.

Hawakuianzisha kwa kupenda mchezo. Juu ya kijiji kuna kilima, na kilima hicho kilikuwa kikiliwa na machimbo ya mawe tangu Vismaya hajazaliwa. Baruti ikipigwa, sahani zinacheza kabatini. Kuta zilipasuka, visima vikakauka, na kila waliyemlalamikia alikuja kwa gari, akanywa maji ya madafu, akapiga picha na kuondoka. Wanakijiji wakahamishia malalamiko yao kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu anao simuni. Asubuhi moja wakaamka ukurasa wao haupo. Wenye machimbo walikuwa wamewapa vijana wao kazi ya kuushtaki kuwa ni wa matusi, na kampuni iliyo ng'ambo ya bahari ikaufuta bila kumwuliza mtu. Picha za miaka zikapotea. Waliandika kuomba zirudishwe. Hawakujibiwa, hata kwa tusi.

Ndipo Lijeesh, fundi wa simu mwenye kibanda mjini, alipojifunza mwenyewe kuunda Kolaya. Aliiweka kwenye mashine, akaisajili, akawaandikisha wazee mmoja mmoja. Na tangu siku hiyo kila kitu kikawa chake. Mtu akisahau neno lake la siri, Lijeesh. Mashine ikigoma, Lijeesh. Wawili wakitukanana humo kwa sababu ya mpaka wa shamba, Lijeesh. Kijiji kizima kiliandika, na yeye peke yake akafagia.

Kazi moja tu alimpa Vismaya. Kila Jumamosi achomeke diski ndogo ya pembeni, atoe nakala ya kila kilichoandikwa, kisha diski hiyo alale nayo nyumbani, mbali na maktaba.

"Hii mashine ni mzee mgonjwa," alimwambia. "Ikifa, diski yako ndiyo kijiji. Umenielewa, mdogo wangu?"

Vismaya akasema ameelewa, na kwa majuma mengi aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja.

Kazi iliyomchosha ilikuwa nyingine. Katika nyumba ya mwisho chini ya machimbo aliishi Bibi Chirutha, mjane wa mvunja mawe aliyekufa akikohoa vumbi. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila jioni Vismaya alikaa kizingitini kwake na simu, bibi akasema, naye akaandika. Baruti imepigwa saa ya kulala mchana. Ufa wa jikoni umefika dirishani. Kisima kina matope. Kesho yake, tena yale yale. Vismaya alikuwa na wafuasi mpaka miji ya Kozhikode na Bengaluru, waliopenda picha alizochora za nyuso za theyyam, miungu ya kwao inayocheza na moto. Bibi Chirutha hakuwa na mfuasi hata mmoja nje ya kijiji, na Vismaya hakuona ajabu. Nani angefuata ufa?

Jioni moja bibi akamwambia, "Andika. Leo wamepiga nikiwa nakula. Kuku wangu mweusi amekataa kutaga kikapuni. Anataga ndani ya kiatu cha marehemu, maana humo hakutikisiki."

Vismaya aliandika huku akibana kicheko. Aliporudi nyumbani aliyasambaza maneno hayo kwa wafuasi wake mwenyewe, akaongeza juu yake: Habari kubwa za dunia, kutoka kwetu. Rafiki yake Shibila alicheka mpaka akashika tumbo.

Shibila huyo huyo ndiye aliyekuja na filamu. Alikuwa nazo nyingi, hana pa kuziweka, na diski ya Vismaya ilikuwa na nafasi. Wakaweka moja, wakaweka nyingine. Nafasi ilipokwisha, Vismaya alifuta nakala ya zamani, akijiambia kwamba Jumamosi atatoa mpya. Jumamosi ilipofika, diski ilikataa kwa kujaa. Lijeesh akauliza kutoka mlangoni, macho mekundu kwa usingizi, kama nakala imetoka.

"Tayari, kaka."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Jumamosi iliyofuata likawa jepesi zaidi.

Mvua za ngurumo zikaanza, zile za alasiri. Kibali cha machimbo kilikuwa karibu kwisha, na ofisa wa wilaya alikuwa anakuja kuwasikiliza wanakijiji kabla ya kukiongeza. Mwalimu Bhaskaran, mwenyekiti wa maktaba, alipanga kumwekea mezani yote yaliyoandikwa Kolaya. Ya Bibi Chirutha yalikuwa ya kwanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyesema kila siku bila kukosa. Tena huyu bibi hakuwa na pa kwenda. Kibali kikiongezwa, nyumba yake ingemwangukia, na hakuna mlango mwingine duniani uliokuwa wake.

Siku mbili kabla ya kikao, mbingu ilinguruma watoto ndio kwanza wamefika nyumbani. Kannur nzima hufanya jambo lile lile radi inapoanza: watu hukimbilia plagi. Vismaya alichomoa ya televisheni, bibi yake Rohini akachomoa ya friji. Muuza duka wa mkabala na maktaba alichomoa zake zote, akatazama mlango wa maktaba ulio wazi, akakaa. Mwalimu Bhaskaran alikuwa kwenye baraza ya jirani. Kila mmoja alidhani Lijeesh atachomoa. Lijeesh alikuwa mjini, mikono ndani ya simu ya mtu.

Radi ilipiga nguzo ya umeme. Watu walipofika, maktaba ilinuka plastiki iliyoungua, na mzinga wa nyuki ulikuwa kimya.

Lijeesh alikuja amelowa chapachapa. Aliifungua mashine, akaitazama, akaifunga. Hakuonekana kuhangaika. "Basi, mzee kafa," akasema. "Mdogo wangu, lete diski."

Vismaya alitembea kwenda na kurudi kama anayepelekwa kuchapwa. Lijeesh aliichomeka kwenye kompyuta yake ndogo. Majina ya filamu yakajipanga kwenye kioo, moja chini ya jingine, hadi mwisho. Akayasoma yote. Kisha akagusa moja kwa kidole.

"Hii nimeiona," akasema. "Mwisho wanaoana."

Alimrudishia diski mkononi, taratibu, akatoka mvuani.

Kesho yake wanakijiji walikusanyika maktaba, na hakuna aliyekosa la kumwambia Lijeesh. Muuza duka alisema mashine ya bure ina fundi wa bure. Mwingine akasema afadhali wangebaki kwenye ule mtandao mkubwa, angalau wale wanajua kazi yao, akisahau kwamba wale ndio waliowafuta. Mwalimu Bhaskaran alimwuliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Ina maana hukuwa na nakala, Lijeesh? Mtu mzima na akili zako?"

Lijeesh alitazama chini. Alisema kosa ni lake.

Vismaya alikuwa amekaa karibu na bibi yake. Kwa muda alingoja jambo hilo lipite kama zinavyopita mvua. Halafu akamwona Bibi Chirutha mlangoni, ameshika kiatu cha kiume kilichochakaa. Alikuwa amekileta ili kesho kionekane kikaoni, labda kitasaidia. Vismaya akasimama.

"Kaka Lijeesh hana kosa. Nakala ilikuwa kazi yangu. Nilifuta, nikaweka filamu, nikasema tayari. Nilisema tayari mara nyingi."

Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimuuma kuliko kemeo. Mtu mmoja nyuma alisema polepole, "Mjukuu wa Rohini," kana kwamba anataja msiba.

Lijeesh ndiye aliyenyanyua kichwa. Alieleza kwamba si yote yamekufa. Maneno ya aliyefuatwa na watu wa seva nyingine bado yako huko, kwenye mashine za wageni. Walikaa siku hiyo nzima yeye na Vismaya wakiwaandikia watu hao. Na watu wakajibu. Mwalimu wa Thrissur alituma maneno ya Mwalimu Bhaskaran. Mwanafunzi wa Bengaluru alituma ya muuza duka, mengi yakiwa ya kusifu ndizi zake. Picha za Vismaya zilirudi karibu zote, nyuso zile za theyyam zikimkodolea macho.

Ya Bibi Chirutha hayakurudi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuyarudisha. Yule aliyesema kila siku ndiye aliyepotea mzima mzima. Lilirudi moja tu: la kuku na kiatu. Lilikuwa limefika Kozhikode kwa sababu Vismaya alilisambaza ili watu wacheke, na lilirudi vile vile, maneno yake ya kebehi yakiwa yamekaa juu yake.

Vismaya alimwambia Lijeesh ayakate maneno hayo yake. Lijeesh akakataa. "Tukianza kukata, watasema tumetunga yote. Litasomwa lilivyo."

Kesho yake kikaoni lilisomwa lilivyo. Ofisa wa wilaya alisikiliza, akatabasamu pembeni ya mdomo, na karani wake akacheka waziwazi. Wakili wa machimbo aliuliza kama kuku ameitwa shahidi. Bibi Chirutha hakucheka. Alieleza tena kwa mdomo wake habari ya ufa na kisima, lakini alipoulizwa lini, hakuwa na tarehe hata moja, maana tarehe zote alikuwa amezikabidhi kwa mtoto wa watu. Kibali kiliongezwa. Wenye kuongeza vibali vya namna hiyo walikuwapo kabla ya ofisa yule, na wengine wako njiani.

Jioni ile Vismaya hakula. Bibi Rohini alimwita barazani, akamkalisha. Bibi huyu alisokota biri, zile sigara ndogo za jani, tangu utoto mpaka vidole vikapinda. Alikuwapo mwaka wenye kampuni walipofunga milango na kuhamia jimbo jingine kuliko kutii sheria ya wafanyakazi, wakaacha maelfu bila uji. Hakuwa amemsahau hata mmoja wao.

"Kwetu karakanani," akasema, "mmoja alikaa juu ya kiti akatusomea gazeti kwa sauti. Sisi tulisokota. Na kila mmoja wetu alitoa biri kwenye mafungu yake akamjazia msomaji kapu lake, ili jioni asirudi kwao mikono mitupu. Ndivyo watu wasio na shule walivyojua mambo ya dunia. Hakuna aliyesoma bure, na hakuna aliyesikia bure."

Vismaya alivitazama vidole vile vilivyopinda.

"Ninyi mmemwacha Lijeesh asome peke yake na asokote peke yake. Wote, pamoja na mimi niliyekaa hapa na plagi ya friji mkononi. Hilo ni letu sote. La kwako ni jingine. Wewe ulisema umesokota, na kapu lilikuwa tupu. Mvivu tunamjua, tunamsokotea. Anayesema tayari na si tayari, huyo anatuangusha tukiwa tumemwegemea."

"Nitarekebisha vipi, bibi?"

"Hurekebishi. Nyumba ya Chirutha itaanguka. Utaendelea tu, na safari hii utafanya kweli."

Shule ikatoa kompyuta nyingine kuukuu, na Lijeesh akaiwekea Kolaya. Lakini safari hii Bibi Rohini alisimama maktaba na kugawa mafungu, kwa sauti ambayo hakuna aliyebishana nayo. Muuza duka akapewa plagi. Mwalimu Bhaskaran akapewa ugomvi wa mipaka na waliosahau maneno ya siri. Nakala ikabaki kwa Vismaya, na kila Jumamosi Shibila aliifungua diski na kuangalia kilichomo kabla mtu hajasema tayari.

Jioni ya kwanza Vismaya alipanda tena mpaka kizingiti cha mwisho. Ufa ulikuwa umepita dirisha na kufika paani. Kabla ya kuketi, aliwaandikia wafuasi wake wote, kule Thrissur, Kozhikode na Bengaluru, akiwaomba wamfuate bibi mmoja asiyejua kuandika. Wachache walikubali. Kuku mweusi alipita kati ya miguu yao akaingia ndani ya kiatu.

"Haya, mama," Bibi Chirutha akasema. "Umeshika simu? Andika. Leo wamepiga nikiwa nakula."

Vismaya aliuliza ni saa ngapi hasa, akaandika na tarehe.