Unyoya wa Ijumaa

Kila Ijumaa, Papa Hemedi akishaoga, mke wake Kadidja humlaza kichwa mapajani. Halafu humsafisha sikio la kulia kwa unyoya wa kuku. Ndivyo Kadidja alivyofunzwa na mama yake, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yao ya kutaniana.

"Usikorome, Papa Madina," Kadidja humtania, akimwita kwa jina la binti yao, "unyoya utaruka."

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa mwaka 1964, wakati wa uasi, bomu lilipoanguka karibu na nyumba yao hapa Kisangani. Uasi huohuo ulimfungia binti yao Madina huko Kindu. Mwaka mzima ukapita bila barua wala salamu.

Kwa hiyo kila adhuhuri, Hemedi alisimamisha cherehani yake na kutega sikio redioni. Saa hiyo walisoma majina ya watu waliopotea vitani na sasa wamepatikana. Kadidja alikuwa sokoni akiuza pondu, majani ya muhogo, kwa hiyo msikilizaji alikuwa mumewe peke yake. Ndiyo maana Kadidja alitaka sikio lile liwe safi kabisa. Maskini, kumbe analiumiza.

Juma moja sikio likaanza kuwasha. Kadidja akazidisha unyoya. Likauma, likatoa maji ya njano, likaziba.

"Mama Madina," Hemedi akasema, "leo redio imesema, na mimi sikushika hata jina moja."

Kadidja akaogopa. Akapasha moto mafuta ya mawese. Kabla hajayamimina sikioni, jirani yao Mama Félicité, muuguzi wa dispensari, akapiga hodi.

"Mafuta ya nini hayo?"

"Ya sikio ya Papa Madina."

"Bon, weka chini kwanza."

Akalivuta sikio taratibu. Hemedi akakunja uso. Muuguzi akabonyeza kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu. Hemedi akaguna.

"Ukigusa hapa mutu akaumia hivi, mara nyingi ugonjwa iko kwenye njia ya nje ya sikio. Munasafisha na nini?"

Kadidja akamwonyesha unyoya.

"Huo unakwaruza ngozi. Maji ya kuoga yanabaki ndani, vidudu vinaingia kwenye mikwaruzo. Nta ya sikio si uchafu, mama. Ni kinga, na inatoka yenyewe."

"Basi ni mkono wangu," Kadidja akasema, machozi yakimlenga.

"Mkono wako ulinipenda," Hemedi akajibu. "Hata mimi nilikuwa naingoja Ijumaa juma zima."

Kwenye dispensari walilichungulia sikio, wakalikausha, wakampa dawa ya matone. Asubuhi na jioni Hemedi alilala ubavu, Kadidja akadondosha dawa, wakangoja dakika tano. Akioga, aliziba sikio kwa pamba yenye vaselini. Akitawadha, alipangusa sehemu ya nje tu. Mama Félicité aliwaonya: homa ikipanda, nyuma ya sikio pakivimba, au maumivu yasipopungua kwa siku tatu, warudi upesi. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata siku hizo. Maumivu yalipungua siku ya pili, lakini dawa waliimaliza yote.

Siku ya kumi, Kadidja aliporudi kutoka sokoni, alimkuta mumewe barabarani, miguu mitupu.

"Wamemtaja. Madina binti Hemedi, mzima. Atashuka Lubunga, ng'ambo ya mto, na garimoshi ya Jumamosi."

"Umesikia vizuri?"

"Wametaja mpaka jina la mama yake. Kadidja."

Kadidja akaketi palepale juu ya kapu la pondu, akalia kwa furaha.

Ijumaa ile Hemedi alilaza kichwa mapajani mwa mkewe kama kawaida. Kadidja alimpapasa nywele tu. Unyoya ulikuwa mezani, kazi yake sasa ni kufuta vumbi la cherehani.