Jina Nyuma ya Mlango wa Sanduku

Haya yalimkuta rafiki yangu Elpidius wa Kimuli, mwaka 1987. Aliponisimulia nilimcheka, na dhambi hiyo nimekwisha kuiungama.

Yeye na jirani yake Harerimana walitumia sanduku moja la barua pale parokiani. Harerimana alikuwa akizifungua barua za mwenzake na kuzisoma. Walipogombana alimwambia, "Nitazisoma mpaka uchoke." Kwaresima ile akafa. Mjane wake alirudisha ufunguo wa marehemu, lakini barua za Elpidius zikazidi kukutwa zimefunguliwa.

Basi Elpidius akaenda ofisi ya parokia kujitoa kwenye sanduku hilo. Desturi ni kufuta mwenyewe jina lako, lililoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa sanduku.

"Unamkimbia marehemu?" katekista aliyetunza masanduku alimkejeli.

"Namkimbia mwizi. Hata kaburini ana mkono mrefu."

Akafuta kwa kiganja, akafunga, akakabidhi ufunguo. Ilikuwa adhuhuri, ila wingu la mvua lilikuwa limetia giza chumbani. Ndipo wakasikia chaki ikikwaruza ndani ya sanduku, polepole, kama mtu anayeandika bila haraka.

Ilipokoma, katekista akafungua. Sanduku lilikuwa tupu. Nyuma ya mlango lilikuwapo jina la Elpidius, herufi zimelalia kushoto kama Harerimana alivyozoea kuandika, na vumbi la chaki lilikuwa bado linadondoka.