Namba Nne

— Namba nne, upande wa mashati. Mfuate.

Sauti hiyo ni yangu, kwenye redio ya walinzi. Nilikuwa chumba cha kamera, kikombe cha chai mkononi. Dukani kwetu namba nne maana yake mteja mweusi. Mimi mwenyewe mweusi tii, lakini bosi alinifundisha nami nikafundishika. Kwenye skrini nilimwona mwanamke kwa mgongo, kajifunga kitambaa kichwani, akitia kitu mfukoni.

Mara simu ikalia. Ujumbe wa mchumba wangu, fundi cherehani. Zilibaki wiki mbili tufunge ndoa.

"Niko dukani kwenu, nilitaka kukushtukiza. Wananipekua mbele za watu. Njoo mpenzi."

Nilishuka ngazi mbio. Mkoba wake ulikuwa umemwagwa mezani, hadi nguo za ndani za akiba. Mfukoni ulitoka uzi mmoja tu wenye mafundo mawili.

— Cha nini hiki? mlinzi mwenzangu alimuuliza.

— Kipimo cha shingo ya huyu hapa. Nilimpima akiwa amelala. Namtafutia shati la harusi.

Akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

— Redio ya huyu kaka imesema namba nne. Nikajiambia, sauti zinafanana. Namba nne ni nani?

— Ni… mteja wa kuangaliwa.

— Yupi huyo?

Mwenzangu, hana hili wala lile, akadakia:

— Ni sisi weusi, shemeji. Kazi tu, usijali.

— Na yule mama wa kizungu pembeni yangu? Naye alitia mkono mfukoni.

— Sikumwangalia, nilisema.

— Ahaa.

— Nisamehe mke wangu. Wallahi sikujua ni wewe!

— Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mwingine, ungemaliza chai yako.

Nikatazama mkono wangu. Kikombe nilikuwa nacho bado.

Alikusanya vitu vyake polepole, kimoja kimoja. Uzi akaufungua mafundo yote mawili, akauacha mezani. Nililia mbele ya wateja, sikuona haya.

Jioni nilimwandikia: "Nimeacha kazi. Turudiane, nakuomba."

Alijibu baada ya siku tatu.

"Umefanya vizuri. Nakupenda, sikufichi. Ila kila ukiniita mpenzi, naisikia ile redio. Waambie wazee harusi haipo."