Aliyetandika Nyasi Kagondo

— Inuka hapo chini. Hizo nyasi si za kuguswa na wewe.

Hellen aliinua uso, magoti bado sakafuni. Alikuwa mpambaji kutoka Mwanza, na mgahawa huu wa Kagondo aliupanga yeye: viti vya mianzi, taa za vikapu, dari ya duara kama ya msonge. Alibakiza kutandika nyasi mbichi sakafuni. Wageni wa ufunguzi walitarajiwa mchana.

— Gaudiosa, usianze, alisema Anatory, mwenye mgahawa. Ni urembo tu.

— Kwenu nyasi anatandika nani?

— Mama.

— Kwa nini asitandike jirani?

Kwa Wahaya kazi hiyo ni ya mke mwenye nyumba, na Anatory alikua akiiona.

Gaudiosa alikuwa ameshuka sasa hivi kwenye pikapu kutoka Muleba, na ndizi, maharage na kahawa ya kibanja chake. Chakula chote cha mgahawa kingetoka kwake. Washenga wangekuja kwao baada ya ufunguzi, Anatory alimwahidi. Lakini tangu Hellen aje, simu zilikuwa fupi. Juzi aliona ujumbe wa Hellen kwenye simu ya Anatory: "Njoo uone nyumba yetu inavyopendeza." Akaambiwa wapambaji huongea hivyo. Hakuuliza tena.

— Dada, nisamehe, Hellen alisema. Sikujua. Nilimuuliza nani atandike, akasema nitandike mimi.

— Na mimi alikwambia ni nani?

Hellen alimtazama Anatory kwanza.

— Mkulima anayetuletea ndizi.

— Anayewaletea. Wewe na yeye.

— Aliniambia hana mtu, dada. Jumapili alinipeleka kwa mama yake, tukala pamoja.

Mama yake. Muda wote wa uchumba Gaudiosa aliambiwa mama anaumwa, asisumbuliwe na wageni. Alizitazama kucha nzuri za Hellen, zimeshika nyasi, akatamani kumrukia. Hakumrukia.

Anatory alianza kueleza: kazi zilimzidi, alichanganyikiwa, haikuwa hivyo. Akaomba wayamalize jioni, kwanza ndizi zishushwe, mpishi anasubiri.

— Huyu hakujua, Gaudiosa alisema. Wewe ulijua, ukamwacha apige magoti.

Akatoka. Mkungu mmoja ulikuwa umeshashushwa mlangoni. Aliubeba mwenyewe, utomvu ukachafua gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo, akaurudisha kwenye pikapu. Anatory alishika mlango wa gari.

— Gaudi, wageni nitawalisha nini?

— Soko la Bukoba liko wazi. Toa mkono.

Akautoa. Evarist, dereva, aliuliza sasa wanakwenda wapi.

— Muleba, sokoni. Wanunuzi hawajaondoka.

Gari likageuka na ndizi zote.