Punda wa Juzuu ya Tatu

Neno lile mara ya kwanza lilisikika alasiri, mvua ikinyesha, na kila mmoja mle ndani akadhani limesemwa na mwenzake.

Mke wa muuza vitabu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma karibu na dirisha, akimsomea mama mkwe wake. Macho ya yule mama yalikuwa yameingia ukungu, na hakuwa mtu wa kukaa bure bila hadithi. Mke akafika mwisho wa ukurasa, akalamba kidole ili afunue mwingine, na katika kile kimya kidogo mtu akasema, "Halafu?"

"Subiri basi, mama, nafunua karatasi."

"Kwani mimi nimesema nini?" aliuliza mama mkwe. "Mdomo wangu umejaa karanga."

Wakacheka, wakaendelea. Lakini mke aliinua pua akanusa. Sebule ilinuka gundi mbichi na wino, ile harufu ya kitabu kilichotoka kiwandani leo, na nyumba ile haikuwa na kitabu ambacho hakijapita mikononi mwa watu kumi.

Duka, la vitabu vya mitumba, lilikuwa mbele ya nyumba hiyohiyo. Ukisukuma mlango wa nyuma ya kaunta, umeingia sebuleni. Mwenye duka aliitwa Dokta. Si kwa shahada, wala msimpe sifa za bure. Aliitwa hivyo kwa sababu mteja akiingia alimkalisha kwenye kigoda na kumhoji kama mgonjwa. Mara ya mwisho ulipenda nini? Unataka mazimwi au wachawi? Shujaa akifa katikati, unakasirika au unaendelea? Kisha alifumba macho, akapeleka mkono rafuni na kukuchomolea juzuu ya kwanza ya riwaya ya fantasia, zile za mfululizo ambazo ukizianza umekwisha.

"Hii nimeisoma mara tatu," alisema. "Nenda nayo, utanishukuru."

Na kweli watu walirudi, macho mekundu kwa kukesha, wakitaka juzuu ya pili. Walevi wa vitabu wa mji mzima walikuwa wake.

Sasa niseme lililo kweli. Dokta hakuwa amesoma hata kimoja. Hata kimoja, jamani! Mistari miwili tu, kope zinamwangukia. Alichojua ni kuuliza. Mteja akirudisha kitabu, Dokta alimwinamia kwa upole na kumwuliza, "Umelia wapi?" Yule maskini alieleza yote, mkono kifuani, na machozi yake ndiyo Dokta aliyomuuzia mteja aliyefuata. Duka lote liliendeshwa kwa machozi ya watu wengine, na yeye hakuona ubaya wowote.

Mkewe alimpata hivyohivyo. Alikuja dukani akiwa msichana, amekumbatia juzuu ya tatu ya Mlima Unaotembea. Ni hadithi ya mlima unaouendea mji polepole, na binti wa mchonga mawe anayetafuta namna ya kuuzuia, yeye na punda wa baba yake mwenye jicho moja. Wateja walikwisha kumwambia Dokta kwamba juzuu ya tatu watu humlilia punda. Basi akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Yule punda," alisema. "Mimi siku ile chakula kilinishinda."

Msichana alimtazama kwa muda. "Hata mimi," akasema. "Na kwetu wote wananicheka."

Wakaoana. Mume alikuwa mkoromaji, mvivu wa kurekebisha chochote, na akikasirika alinuna siku nzima. Mke alivumilia yote. Shoga zake wakimsikitikia, alisema mwanamume aliyemlilia yule punda hawezi kuwa mbaya moyoni.

Mlima Unaotembea ulikuwa na juzuu saba. Ya nane, ya mwisho, haikutoka, na mwandishi alinyamaza kama maji ya mtungini. Wateja walipouliza, Dokta aliwanong'oneza, "Itakuja. Nina habari za ndani." Hakuwa na habari za ndani wala za nje. Hata mkewe, Dokta alimwambia kwamba itakuja, kwa sauti, pale pale sebuleni.

Siku mke alipomaliza juzuu ya saba, alikifunga kitabu na kukiweka mapajani.

"Basi, mama. Tumefika. Tungoje ya nane, mwanao anasema inakuja."

"Halafu?"

Safari hii lilitoka kwenye kona ya ukuta, mahali pasipo kiti wala mtu. Mama mkwe aliacha kutafuna.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nyamaza, mama."

"Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia. Nyamaza, tafadhali."

Tangu hapo ile harufu haikutoka. Ilikaa kwenye mapazia, ikaingia kwenye mto wa kulalia na kwenye maji ya kunywa, na kiti cha chuma kikawa kinalia chenyewe mchana kweupe kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa asikilize vizuri. Dokta aliambiwa, akacheka. Alisema nyumba ina unyevu, na unyevu huleta mambo.

Kisha asubuhi moja mke alikuwa jikoni anamenya viazi, akaanza kusimulia. Mwanzoni mumewe alidhani anazungumza na mama. Alipokaribia akasikia sauti si yake, ni sauti kavu, ya karatasi inayosuguana na karatasi, ikiendeleza hadithi pale juzuu ya saba ilipoachia, mlima ukainua mguu, ukaweka mguu, binti akapanda, akateleza, akapanda tena, na kila mke alipotua kuvuta pumzi ukuta ulisema "Halafu?" na macho yake yakamtoka kwa hofu na mdomo ukaendelea, viazi vikiisha, kisu kikimenya hewa, jua likipanda na kushuka, mlima ukienda tu, ukienda, bila kuufikia mji.

Alikula akisimulia. Alilala akisimulia. Mama mkwe alimlowesha midomo kwa kitambaa, na kitambaa kikarudi na damu.

"Atakufa huyu," mama alimwambia mwanawe. "Koo la mtu si bomba. Nenda kaite mganga, au niende mimi na upofu wangu."

Mganga alikuwa mtu mnene, mpole, miwani ikining'inia kifuani. Alifukiza ubani, na ubani haukunuka. Harufu ya gundi iliumeza wote. Akajikohoza, akaketi sakafuni mbele ya mgonjwa.

"Wewe uliye hapo," aliuliza taratibu, "u nani, na unataka nini?"

Simulizi ikakoma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya viazi.

"Mimi ni msikilizaji," alisema yule aliyekuwa kwenye koo la mke. "Nilikuwa hapa kabla ya ukuta huu. Nilikaa peke yangu muda mrefu, sikujua kama nimekaa peke yangu, mpaka mwanamke huyu aliponisomea. Nikasikia kwamba ya nane itakuja. Aliyesema ni nani?"

Dokta aliangalia ndara zake.

"Nipeni mwisho," alisema jini. "Mkinipa namwachia. Msiponipa atanitafutia yeye, mpaka aishe."

Mganga akamvuta Dokta na mama yake hadi mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini sana. "Huyu hafukuzwi kwa moshi. Apewe mwisho, tena autoe mtu aliyeisoma hadithi kwa macho yake mwenyewe, toka juzuu ya kwanza. Akipewa na asiyeisoma, sijui atafanya nini, na koo litakaloumia ni lile pale. Yupo mtu wa hivyo hapa karibu?"

Alikuwapo. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameisoma yote, na mashine yake ilikuwa inasikika mle ndani. Dokta aliisikia. Ilikuwa ni kutoa kichwa dirishani na kumwita.

"Kwenda mbali kwa nini?" alisema mama. "Mwanangu ameisoma mara tatu. Si ndiyo iliyompatia mke?"

Mganga akamtazama Dokta, akamshika bega. "Kaka, kama hujaisoma, niambie sasa hivi. Hapa hakuna aibu. Tutamwita mwingine."

Dokta akageuza macho kwa mkewe. Midomo yake haikuwa yake tena, lakini macho bado yalikuwa yake, na yalimwangalia mumewe kwa imani yote aliyokuwa nayo tangu siku ile ya kaunta. Angesema neno moja tu! Neno moja, fundi angevuka barabara na nyuzi zake begani. Lakini mtu akishazoea kusifiwa kwa asichonacho, kukirudisha kunamwuma kama kung'olewa jino.

"Nimeisoma," alisema.

Akaketi mbele ya mkewe, akajikohoza kwa ile sauti yake ya kuuzia. Na alisimulia vizuri, hilo hatumnyimi. Mlima ulifika lango la mji. Binti akauwekea kiganja, akauambia jina la baba yake, na mlima ukapiga magoti polepole, ukawa kilima cha kawaida ambacho watoto hupanda kucheza. Kiti cha chuma kililia, kama msikilizaji amesogea mbele. Mama mkwe alifuta machozi. Hata mganga alivaa miwani, afiche macho.

Angeishia hapo. Lakini mwuzaji hajui kuacha, lazima aongeze chumvi.

"Na pale kileleni," alisema Dokta, "binti akaizika mifupa ya punda wake. Yule tuliyemlilia wote."

"Punda alikufaje?" aliuliza jini.

Jasho lilimtoka Dokta chini ya shati, likateremka mgongoni, na ile harufu ya gundi ikapanda mpaka ikawa ladha mdomoni, na taa ikafifia, na nyuma yake dukani vitabu vikaanza kuanguka rafuni kimoja kimoja, taratibu, kama vinavyowekwa chini na mtu asiye na haraka, na ile cherehani ng'ambo ikaendelea kulia taka-taka-taka kana kwamba inamsihi amwite fundi.

"Vitani," alisema. "Kwa mshale. Ulimpata shingoni."

"Shingoni?"

"Shingoni. Alikufa papo hapo. Nililia."

Midomo ya mke ikatetemeka. Ikajikunja, ikapigana na kitu. Kisha ikatoka sauti mbovu, iliyochanika, lakini ya mwanamke mwenyewe.

"Punda hakufa."

Mama mkwe aligeuzia sikio lake kwenye sauti ile.

"Hakufa, mume wangu. Watu wote walidhani amekufa. Alirudi. Alitembea peke yake mpaka nyumbani, akasimama mlangoni kwenye mvua, anangoja bwana wake amfungulie. Bwana wake ndiye aliyekuwa amekufa. Akangoja tu. Hicho ndicho kinacholiza watu."

Mganga akasogea, akamgusa paji la uso. "Amemtoka," alisema. Hakuna aliyeshangilia.

"Mke wangu," alisema Dokta, "nilikuwa nataka kukueleza siku moja."

"Siku ipi?"

"Jamani, watu hudanganya makubwa kuliko haya. Ni kitabu tu."

"Wewe ulikuwa unauza kitabu," alisema mke. Alitema damu kwenye kitambaa, akakikunja vizuri. "Mimi nilikuwa naolewa. Lakini hilo ningekusamehe. Ningekucheka mwaka mzima, halafu nikakusamehe. Mganga alikuuliza leo, nami nakutazama. Ungemwita fundi tu. Uliiona damu mdomoni mwangu, ukachagua sifa zako."

Akafunga nguo zake, hazikuwa nyingi, akatoka. Mama mkwe alimsindikiza hadi barabarani, akipapasa ukuta, na aliporudi alipita mbele ya mwanawe bila kusimama.

"Nimekuzaa mimi," alisema, "lakini leo sina la kukutetea." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Mganga alikuwa wa mwisho kuondoka. Kizingitini aligeuka. "Nilisema amemtoka mkeo. Sikusema ametoka nyumbani. Wewe ulimwahidi mwisho, ukampa wa uongo. Amemwacha mkeo, anakudai wewe. Sasa mnajuana ninyi."

Juzuu saba zilibaki kwenye kiti cha chuma. Dokta alikaa mbali nazo mpaka harufu ilipoanza kuvimba tena, ikamfuata jikoni, ikamfuata dukani, ikamkaa kooni. Ndipo akasikia karibu kabisa na sikio lake, kwa upole, "Soma."

Akachukua ya kwanza. Akasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kope zikianguka, kiti kililia, naye akashtuka na kuendelea. Wateja waliingia. "Dokta, nimemaliza ile ya mazimwi, nipe nyingine." Aliwapungia mkono bila kuinua kichwa, mdomo ukisoma. Walingoja kidogo kwenye kigoda, wakatazamana, wakatoka. Siku hizi wanamwuliza fundi cherehani.

Ikafika juzuu ya tatu. Ikafika ile mvua. Punda akaja njiani peke yake, hatamu ikiburuta matopeni, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akauelekezea jicho lake moja. Dokta akasoma mstari ule, sauti ikakatika. Akausoma tena. Machozi yakamjia, ya kwake mwenyewe, hakuna mteja aliyemkopesha, yakamwagika mpaka kwenye karatasi.

"Mke wangu!" aliita, akasimama na kitabu mkononi, akakimbilia mlango wa chumba chao. "Mke wangu, njoo! Nimefika kwa punda! Kumbe ndiyo hivi!"

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, anangoja.

Nyuma yake kiti cha chuma kikalia.

"Halafu?"